Kitabu chetu cha mafunzo kinasifiwa, lakini darasani hakionekani

Swali la msomaji

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na huu ni mwaka wa tatu nimepewa kazi ya kuratibu mafunzo elekezi ya ualimu kwa wahadhiri wapya. Tunatumia kitabu cha mafunzo chenye sura nane na kurasa 140, kwa Kiingereza, kilichoandaliwa mwaka 2018. Kila mwaka wanapita watu kama 40, kwa siku tano. Madodoso ya mwisho wa warsha yanatupa wastani wa 4.6 kati ya 5. Lakini nikipita madarasani naona mambo ni yale yale: slaidi zimejaa maandishi, mitihani ni ya kukariri. Uongozi umeniagiza nikihuishe kitabu 'kwa kuzingatia maoni ya watumiaji' kabla mwaka mpya wa masomo haujaanza. Nina miezi minne. Maoni ninayo, rundo zima kabatini, ila hayaniambii nibadilishe nini. Nianzie wapi?"

Jibu

Marahaba, mwalimu. Hiyo 4.6 iweke kando kwanza. Sisemi ni ya uongo. Inasema kweli, ila inaongelea jambo jingine. Hebu kumbuka dodoso hilo linajazwa saa ngapi. Ni Ijumaa, saa kumi kasoro, siku ya tano. Projekta imeshazimwa. Mhasibu amekaa mlangoni na karatasi za kusaini posho, basi la chuo linanguruma nje, na wewe mratibu, uliyewahangaikia tangu Jumatatu, unapita unawagawia madodoso kwa mkono wako. Nani atakuandikia 2? Mtu aliyelelewa vizuri anazungushia 5, anasaini, anakuaga, anaondoka. Ulichopima hapo ni malezi ya washiriki na shukrani zao. Ni mambo mema, lakini hayakusaidii kujua ukurasa wa 63 una kasoro gani.

Enzi nikiwa mratibu kama wewe nililipitia rundo la namna hiyo mstari kwa mstari. Pale kwenye "maoni mengine" watu walikuwa huru kweli kweli: ukumbi una joto, chai ya saa nne inachelewa, siku ziongezwe, posho iangaliwe. Kuhusu kitabu chenyewe, ambacho sisi tulikesha nacho miezi saba, yalijirudia maneno mawili tu: "nzuri" na "iendelee". Kwa maneno hayo sikuweza kuhamisha hata nukta.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick aliligawa suala la kupima mafunzo katika ngazi nne ambazo watu wa kazi hii wanazitumia mpaka leo: mshiriki ameyapokeaje mafunzo, amejifunza nini, akirudi kazini anafanya nini tofauti, na kazi yenyewe imefaidika vipi. Dodoso lako linaishi ngazi ya kwanza. Malalamiko yako, hizo slaidi na hiyo mitihani, yako ngazi ya tatu. Ndiyo maana ukivisoma pamoja unachanganyikiwa. Kuna na tofauti nyingine iliyowekwa na mwanafalsafa Michael Scriven mwaka 1967, kati ya tathmini inayofanywa ili kujenga na ile inayofanywa ili kuhitimisha. Rundo lako la kabatini ni la kuhitimisha: linafaa kuambatanishwa kwenye ripoti kwa wafadhili na wakubwa. La kujenga bado hujalikusanya, na haliji kwa karatasi ya Ijumaa.

Ningekuwa wewe, ningemtafuta mhadhiri mmoja, mmoja tu, aliyepita kwenye mafunzo yenu mwaka jana au juzi, na ambaye wiki hii ana kazi halisi mkononi: anatunga jaribio, au anaandaa mhadhara wa Jumatatu. Ningemwomba saa moja na nusu. Ningekaa kando yake, si mbele yake, na daftari mapajani, kisha nimwombe aifanye kazi hiyo kwa kutumia kitabu chenu huku akisema kwa sauti kila kinachompitia kichwani. Basi. Wanasaikolojia wameitumia mbinu hii ya kufikiri kwa sauti kwa miaka mingi, na watengenezaji wa programu za kompyuta wakaichukua kwao. Sisi wa vitabu vya mafunzo tumechelewa, sijui kwa nini.

Nikupe mfano mmoja nilioushuhudia mwenyewe. Mhadhiri wa hisabati, kijana makini, dodoso lake la warsha lilikuwa na 5 kila mahali. Nikamwambia, leo andaa kipindi chako cha Jumatatu kwa kutumia sura yetu ya kumshirikisha mwanafunzi. Akafungua yaliyomo. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Sura alipita juu yake mara mbili bila kuiona, kwa sababu sisi tuliipa jina refu la kitaalamu lenye maneno "mwanafunzi kama kitovu", na yeye kichwani mwake alikuwa anatafuta "darasa kubwa". Nikaandika. Alipoifikia, akasoma kimya, nikamkumbusha aseme. Akasoma maelekezo ya zoezi: wagawe wanafunzi katika makundi ya watu watano watano, kila kundi lipewe bango kitita na kalamu ya wino mzito, kisha kila kundi liwasilishe. Akacheka. "Mwalimu, mimi nina wanafunzi 312. Hayo ni makundi 62, na wawili wanabaki wanashangaa. Viti vya ule ukumbi vimefungwa sakafuni kwa nati, hawawezi hata kugeukiana. Na bango kitita 62 nazipata wapi?" Akafunga kitabu.

Nikamuuliza, sasa ile 5 uliyotupa kwenye sura hii? Akanijibu bila kusita: "Dodoso liliuliza kama sura imeeleweka. Imeeleweka kabisa. Haifanyiki tu."

Jibu hilo lilinifundisha kuliko madodoso yote ya miaka miwili. Tuliandika zoezi upya. Makundi ya watano tukayaacha kwa ajili ya semina za watu 25, na kwa ukumbi mkubwa tukaweka njia ambayo Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, aliianzisha miaka ya 1990: uliza swali moja lenye majibu ya kuchagua, kila mtu ajibu peke yake, kisha ageukie jirani wajadiliane dakika mbili, kisha wajibu tena. Vifaa vya kupigia kura hatuna, kwa hiyo wanaonyesha vidole: kimoja ni A, viwili ni B. Tulidhani tumemaliza. Tulipolijaribu na wengine, kila mmoja akauliza swali lile lile ambalo kitabu kizima hakikuligusa: watu 300 wakishaanza kuongea, unawanyamazishaje? Tukaongeza nusu ukurasa juu ya hilo peke yake. Najua ukurasa huo unasomwa, kwa sababu ndio watu wanaoupiga picha na kutumiana.

Sasa nikutahadharishe na kosa nililolifanya mimi. Mara yangu ya kwanza kukaa kando ya mtu, kitabu nilikuwa nimeshiriki kukiandika. Kila alipokwama nikawa nadakia: "Hapo tulimaanisha hivi, ukienda ukurasa unaofuata utaona." Baada ya saa nzima nilikuwa nimemfundisha kitabu chote kwa mdomo, naye akaniambia kitabu ni kizuri sana. Nikarudi ofisini na daftari tupu. Nyani haoni kundule. Ukiweza, anayekaa kando asiwe mwandishi wa sura. Ukishindwa, kaa wewe, lakini meza ulimi. Akikuuliza "hapa nifanye nini?" mrudishie: "Ungekuwa peke yako ungefanya nini?" Kisha andika anachofanya. Anaporudi kusoma mstari mara ya tatu, andika. Anaporuka mfano, andika. Anapochukua simu akaangalia Google badala ya kitabu, andika na alichotafuta.

Lugha nayo. Kitabu ni cha Kiingereza, na bila shaka dodoso pia. Hilo peke yake linameza nusu ya maoni. Mhadhiri anayefundisha kwa Kiingereza kutwa nzima akitaka kulalamika analalamika kwa Kiswahili. Sote tuko hivyo. Mpe karatasi ya Kiingereza, atakuandikia maneno mawili ya heshima. Mwulize kwa Kiswahili, mwache achanganye apendavyo, utapata dakika ishirini za maelezo na utani ndani yake, na mara nyingi tatizo lenyewe limo kwenye ule utani. Na usimkalishe mhadhiri msaidizi meza moja na mkuu wake wa idara ukategemea aseme "hapa sikuelewa". Anasubiri kupandishwa cheo, hana sababu ya kujianika.

Utaniuliza unahitaji watu wangapi. Wachache kuliko unavyofikiri. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walipochambua majaribio ya programu za kompyuta mwaka 1993 walikuta kwamba, kwa wastani, mtumiaji mmoja anafichua karibu asilimia 31 ya matatizo yaliyomo. Wa pili anakwama kwenye mengi ya yale yale na kuongeza machache, wa tatu hivyo hivyo, na ukifika wa tano umeshaona takriban asilimia 85. Kitabu si programu, kwa hiyo hesabu hiyo usiibebe kama ilivyo, lakini nilichokiona kwenye vitabu vyetu kinafanana nayo: mtu wa sita anaanza kukurudishia ya wa pili. Ushauri wa Nielsen ndio wenye faida zaidi kwako. Ukiwa na watu 15, usiwamalize kwa mkupuo. Kaa na watano, rekebisha, kaa na watano wengine juu ya rasimu mpya, rekebisha, kisha watano wa mwisho. Marekebisho nayo huja na makosa yake, na ni duru ya pili inayoyakamata.

Lakini watano hao wawe wa aina moja. Mhadhiri msaidizi aliyetoka kumaliza shahada ya uzamili, hajawahi kusimama mbele ya darasa, si mtumiaji sawa na daktari wa falsafa aliyehamia kwenu baada ya miaka kumi ya kufundisha kwingine. Ukiwa na makundi mawili, chukua watatu au wanne kila upande. Hapo ndipo utaelewa kwa nini rundo lako la kabatini lina karatasi inayosema kitabu ni kirefu mno na nyingine inayosema maelezo hayatoshi. Wote wawili wako sahihi. Wengi hufanya kosa la kutafuta katikati: wanapunguza kidogo hapa, wanaongeza kidogo pale, na wote wawili wanabaki na njaa. Yule mzoefu alikuwa anatafuta jedwali moja tu la kumsaidia Jumatatu asubuhi. Mpe njia ya kulifikia bila kupita kwenye maelezo. Yule mgeni mwachie maelezo yake, tena umwongezee mfano.

Wakati unasubiri miadi ya watu hawa, kuna kazi moja ndogo: omba watu wakuazime nakala zao za kitabu. Usiseme unachunguza kama walisoma. Sema unataka kuona walichoandika pembeni. Nilipofanya hivyo nilirudishiwa nakala kama kumi na mbili. Nne zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani, uti wa kitabu haujavunjika. Nyingi zilikuwa na mistari ya kalamu mpaka mwisho wa sura ya pili, ndipo weupe unaanza. Siku ya pili ya warsha jioni, nikakumbuka, ndipo tulipoacha kuwapa kazi za kufanya ndani ya kitabu tukabaki na slaidi. Na karibu kila iliyotumika ilikuwa na ukurasa mmoja uliochakaa, pembe imekunjwa, kuna duara la kikombe cha chai: ukurasa wenye orodha ya vitenzi vya kuandikia malengo ya somo, vile vinavyofuata mpangilio wa ngazi za kufikiri wa mwanaelimu Benjamin Bloom wa 1956. Wanautumia kila muhula wanapoandaa muhtasari wa kozi. Tulikuwa tumeuzika kwenye kiambatisho cha tatu. Toleo lililofuata tukauweka ndani ya jalada la mbele.

Kama kitabu kipo pia kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo wa mtandaoni, rekodi zake zitakuonyesha faili gani lilifunguliwa lini. Ziangalie, usizitegemee. Kwetu mtu mmoja anapakua PDF, anairusha kwenye kundi la WhatsApp, thelathini wanasomea huko, na mfumo unahesabu mmoja. Kundi hilo la WhatsApp ndilo lenye utajiri. Kila swali ambalo mhadhiri anamuuliza mwenzake saa tatu usiku ("jamani, mwongozo wa kusahihisha insha mnaupangaje alama?") ni swali ambalo kitabu kilipaswa kulijibu na hakikulijibu, au kililijibu mahali ambapo hakuna anayepaona. Omba ruhusa ya kundi, nakili maswali bila majina, yasome mara moja kwa mwezi.

Na dodoso usilifute; wakubwa watakuuliza. Lipunguze na ulihamishe. Badala ya karatasi ya kurasa tatu siku ya Ijumaa, gawa kipande cha karatasi kila jioni, bila jina, wakitumbukize kwenye boksi ambalo hulishiki wewe. Maswali mawili yanatosha: leo ni wapi ulipotea, na ni kitu gani cha leo utakitumia wiki ijayo, kwenye somo gani. Kesho yake asubuhi uwasomee mlichopata na mlichobadilisha usiku ule. Siku ya kwanza utapata "nzuri". Siku ya pili, wakishaona umesoma mbele yao "maelezo ya jana ya rubriki (mwongozo wa kutoa alama) hayakueleweka" na hakuna aliyeulizwa ni nani kaandika, kalamu zinafunguka. Kisha wiki ya sita au ya nane baada ya warsha, wapo madarasani sasa, wapigie simu wachache. Usiulize kama kitabu kimewasaidia. Hilo lina jibu moja tu. Uliza: mara ya mwisho ulikifungua lini? Ulikuwa unatafuta nini? Ulikipata? Ulipokikosa, ulikwenda wapi? Mtu akisema hakumbuki kukifungua, hilo nalo ni jibu, mshukuru.

Kuhusu mitihani ya kukariri inayokuudhi, omba kuona karatasi za mtihani ambazo zimeshafanyika, ya kabla ya mafunzo na ya baada, za kozi ile ile. Ziweke pamoja mezani. Hakuna dodoso litakalokuonyesha ngazi ya tatu ya Kirkpatrick kama karatasi hizo mbili.

Sasa umekusanya. Daftari zimejaa, na hapa ndipo kazi nyingi za kuhuisha zinapofia, kwa sababu watu wanakaa kikao wanaanza kubishana juu ya mapendekezo. Fungua jedwali moja la kawaida kwenye kompyuta. Kila mstari uwe na ukurasa, alichofanya au alichosema mtumiaji kwa maneno yake, tatizo mnaloliona ninyi, limewapata wangapi, mmeamua nini na kwa nini. Mfano: "Uk. 88. Alisoma maelekezo mara tatu, akauliza 'hapa nijaze nini?' Jedwali halina mfano. Watu 4 kati ya 5." Pendekezo la mtumiaji liwe na safu yake pembeni, mbali na tatizo, maana ni vitu viwili na watu huvichanganya.

Nikuonyeshe kwa nini. Kwetu karibu kila mtu alipendekeza "wekeni video". Tungewasikiliza kwa juu juu tungetafuta fedha za kamera. Nikamuuliza mmoja, video ya nini? Akasema anataka kuona mtu akijaza jedwali la utahini. Nikafungua sura. Kulikuwa na jedwali tupu na aya tatu zinazoeleza falsafa yake. Hakuna mahali palipoonyesha kwamba kama mada imefundishwa saa 9 kati ya saa 45 za kozi, basi kwenye mtihani wa alama 100 inastahili kama alama 20, na kwamba alama hizo 20 unazigawa tena: ngapi za kukumbuka, ngapi za kutumia, ngapi za kuchambua. Tukaweka jedwali moja lililojazwa lote, kwa kozi halisi ya takwimu. Karibu yake tukaweka jingine lililojazwa vibaya, alama 70 zimerundikana kwenye kukumbuka, na maoni ya kalamu nyekundu pembeni. Ombi la video likaisha lenyewe. Kama mitihani ya wahadhiri wako ni ya kukariri, nitashangaa ikiwa sura yenu ya utahini haina ugonjwa huu huu.

Kuamua nini kitangulie, usihesabu kura tu. Kinachomzuia mtu kuendelea na kazi kinatangulia, hata kama kimemkwamisha mmoja. Tulikuwa na mhadhiri asiyeona, anayesoma kwa programu ya kusoma skrini. Majedwali yetu yote mwandaaji aliyabandika kama picha. Programu ikifika pale inasema "picha" na kuendelea, kama vile hakuna kitu. Alikuwa mmoja kati ya watu wengi, na mwaka mzima hakusema; alikuwa anamwomba mdogo wake amsomee. Hilo tulilirekebisha kabla ya mambo yaliyolalamikiwa na watu thelathini. Makosa ya ukweli na maelekezo yasiyofanyika, kama yale makundi 62, yanafuata. Ladha, rangi za jalada na "mngeongeza nukuu" vinakaa mwisho, na vingine unavikataa. Kukataa kunaruhusiwa. Wengi walituomba tuondoe mazoezi ya kufundisha mbele ya wenzao kwa sababu yanaaibisha. Tuliyaacha, tukabadilisha utaratibu: kwanza mbele ya wawili, ndipo mbele ya kumi. Sababu tukaiandika kwenye jedwali ili mratibu ajaye asianze upya ubishi ule.

Kabla hujagusa sentensi, hakikisha mambo mawili ya kiofisi. La kwanza: faili la kuhaririwa liko wapi? Mara nyingi ilichobaki nacho ofisi ni PDF, na lenyewe liko kwenye kompyuta mpakato ya mtu aliyeshaondoka. Litafute leo, uliweke kwenye hifadhi ya ofisi, si yako. La pili: sehemu mlizokopa kutoka vyuo vya nje zina leseni gani? Nyenzo yenye leseni ya Creative Commons iliyowekwa alama ND huruhusiwi kuibadilisha kisha ukaisambaza. Ukigundua hilo baada ya kuchapa nakala 200, utalia.

Toleo jipya likitoka, kila ukurasa uwe na namba ya toleo na mwezi chini yake, kwa sababu la zamani halitakufa. Litaendelea kuzunguka kwenye simu za watu miaka mitano ijayo. Mbele weka ukurasa mmoja wa mabadiliko: mlisema hivi, tumefanya hivi, mlisema hivi, hatukufanya, sababu ni hii. Watumie kwanza wale 15 mliokaa nao, kila mmoja umwonyeshe mstari uliotokana na saa yake moja na nusu. Mwaka unaofuata watakuita wenyewe. Na usijaribu kuhuisha sura zote nane kwa miezi minne. Chukua utahini na madarasa makubwa, sura mbili, uzipitishe duru zote tatu. Sita nyingine zirekebishwe makosa ya wazi tu na zisubiri zamu yake. Ukimweleza mkuu wako hivyo huku umeshika lile jedwali, atakubali kuliko ukimpelekea maneno matupu.

Kwa hiyo Jumatatu mtafute huyo mhadhiri wa kwanza. Akikuuliza aje na nini, mwambie aje na jaribio analotunga na nakala yake ya kitabu, hata kama hajaifungua tangu siku ya warsha. Hasa kama hajaifungua.